Sukari imeshuka, moyo je?



Kuna swali ambalo nimelisikia msibani mara nyingi katika miaka ya karibuni, na kila ninapolisikia naona waulizaji wanaondoka bila jibu. Marehemu alikuwa na kisukari. Kliniki alikuwa akihudhuria. Daftari lake linaonesha kuwa sukari ilikuwa nzuri mwezi huo na mwezi uliotangulia. Kisha alfajiri moja akaondoka ghafla, na hospitali wakasema ni moyo. Jamaa wanakaa kwenye jamvi wanaulizana: "Sukari ilikuwa imeshuka, sasa moyo umetoka wapi tena?" Hapo ndipo yanapoanza maneno. Mara karogwa, mara dawa zilikuwa feki, mara fulani alikuwa na kijicho naye.

Mimi ni mwalimu wa maarifa ya Uislamu, si daktari, na sitaki mtu abadili dawa yake kwa sababu ya makala ya gazeti. Lakini chuo kikuu kilinifundisha walau kusoma utafiti mpaka mwisho badala ya kuridhika na kichwa cha habari, na swali hili la msibani nimelisomea kwa muda. Jibu lake lipo, na wala si la uchawi. Kisukari cha aina ya pili na ugonjwa wa moyo aghalabu ni watoto wa mama mmoja, na mama huyo anakaa ndani ya kitambi. Ukimchunga mtoto mmoja tu, wa pili anaendelea na shughuli zake.

Nitangulize angalizo. Ninachozungumzia hapa ni kisukari cha aina ya pili, kile kinachowapata zaidi watu wazima. Kile cha aina ya kwanza, ambacho huanza mara nyingi utotoni baada ya kongosho kuacha kutengeneza insulini, kina habari yake nyingine. Tena si kila mwenye aina ya pili ni mnene, na si kila mnene atapata kisukari. Lakini uhusiano wa mambo haya mawili una nguvu kiasi kwamba kuunyamazia ni kumdhulumu mgonjwa.

Ghala au kiwanda?

Kwa muda mrefu hata madaktari walidhani kuwa mafuta ya mwilini ni ghala tu. Unakula zaidi ya unachotumia, ziada inawekwa akiba, na siku ya njaa akiba inatolewa. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli.

Mwaka 1947 daktari mmoja wa Marseille huko Ufaransa, Jean Vague, aliandika jambo ambalo halikutiliwa maanani kwa miaka mingi. Alisema watu wawili wanaweza kuwa wanene wote, lakini yule ambaye mafuta yake yamejikusanya tumboni na sehemu za juu ya mwili ndiye anayeandamwa zaidi na kisukari na magonjwa ya mishipa, kuliko yule ambaye mafuta yake yako makalioni na mapajani. Yaani swali si uzito peke yake, bali mafuta yamekaa wapi.

Ikaja miaka ya tisini. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na wenzake wa Boston, Marekani, waliwachunguza panya wanene wakakuta kwamba mafuta yao yanatoa kwa wingi kemikali iitwayo TNF, ambayo hadi wakati huo ilijulikana zaidi kama silaha ya kinga ya mwili. Walipoizuia kemikali hiyo, insulini ya panya wale ikafanya kazi vizuri zaidi. Mwaka uliofuata Jeffrey Friedman wa New York akatangaza ugunduzi wa leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta na kusafiri hadi kwenye ubongo kupeleka habari za akiba iliyopo. Basi ghala likageuka kuwa kiwanda chenye wafanyakazi na kinachopeleka bidhaa zake mwili mzima, usiku na mchana.

Kilichonishangaza zaidi ni taarifa za mwaka 2003. Makundi mawili ya watafiti wa Marekani yaligundua, kila moja kivyake, kwamba mafuta ya mtu mnene yamejaa askari wa kinga ya mwili waitwao makrofeji, zile seli walaji ambazo kazi yao ni kumeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Kwa mtu mwembamba hawafiki hata asilimia 10 ya seli zote zilizomo ndani ya mafuta. Kwa mtu mnene sana wanaweza kukaribia asilimia 40. Hebu fikiri, ndugu yangu: karibu seli nne katika kila kumi ndani ya kitambi si za mafuta, ni askari walioitwa vitani. Vita gani hiyo?

Moto usio na moshi

Ukichomwa na mwiba, baada ya muda mahali pale panakuwa pekundu, panapata joto, panavimba na kuuma. Wataalamu wa Kiswahili wanauita mchochota. Ni kinga ya mwili imefika kazini: askari wamekuja, wanamwaga kemikali za kumwangamiza adui na za kuwaita wenzao. Mwiba ukitoka na jeraha likapona, askari wanaondoka. Huo ni mchochota wenye faida, na bila huo tungekufa kwa kidonda kidogo.

Mchochota wa kitambi ni wa namna nyingine. Seli ya mafuta inashindiliwa kama gunia ambalo mshono wake unakaribia kuachia. Damu haiifikii vizuri na hewa inapungua. Baadhi ya seli zinakufa, na makrofeji wanazizunguka kama watu waliozunguka ajali barabarani. Wanamwaga kemikali zao na kuwaita wenzao. Lakini hapa hakuna mwiba wa kutoa. Mtu anakula vilevile kesho na keshokutwa, gunia linazidi kushindiliwa, na askari hawapati amri ya kurudi kambini. Mwenyewe hasikii joto wala maumivu. Moto unawaka kidogokidogo kwa miaka kumi au ishirini, bila moshi wa kumshtua mtu.

Kemikali hizo hazibaki tumboni. Huingia kwenye damu na kufika kwenye misuli na ini, mahali ambapo insulini inatakiwa kufanya kazi. Insulini ni kama mgeni anayebonyeza kengele ya mlangoni ili sukari ifunguliwe iingie ndani ya seli. TNF na wenzake wanaharibu waya wa kengele. Insulini inabonyeza, ndani hawasikii. Kongosho nalo, likiona sukari bado imejaa kwenye damu, linaongeza insulini, na kwa miaka kadhaa linafanikiwa kwa kufanya kazi ya zamu mbili. Siku linapochoka ndipo sukari inapopanda, na mtu anaambiwa una kisukari. Yeye anadhani ugonjwa umeanza wiki ile. Kumbe ulianza zamani, alipolegeza mkanda tundu la kwanza.

Kwa nini tumbo hasa? Kuna mafuta yaliyo chini ya ngozi, haya unayoweza kuyafinya kwa vidole, na kuna mafuta yaliyojificha ndani zaidi, yakiwa yamezunguka utumbo na viungo vingine. Haya ya ndani ndiyo makorofi. Damu inayotoka huko nyingi hupita moja kwa moja kwenye ini kabla ya kwenda kwingine, kwa hiyo ini linapokea mafuta na kemikali za mchochota zikiwa bado kali. Ini lenyewe linaanza kujaa mafuta. Linatoa sukari hata pale ambapo haihitajiki, linamwaga kwenye damu mafuta mabaya, na linatengeneza kwa wingi protini inayoitwa CRP, ambayo madaktari huipima kama alama ya kuwa kuna mchochota mwilini. Wakati huohuo homoni moja nzuri inayotengenezwa na mafuta, adiponektini, ambayo husaidia insulini na kuilinda mishipa, hupungua kadiri kitambi kinavyokua.

Jinsi moyo unavyoingia

Wengi tunafikiri mishipa ya moyo huziba kama bomba la jikoni: mafuta yanaganda kidogokidogo mpaka maji hayapiti. Laiti ingekuwa hivyo, kazi ingekuwa rahisi. Mwaka 1999 Russell Ross, mtafiti wa Marekani aliyetumia maisha yake kwenye jambo hili, aliandika kwamba ugonjwa wa kuziba mishipa ni ugonjwa wa mchochota. Lehemu mbaya inapenya kwenye ukuta wa mshipa. Makrofeji wanaifuata kuimeza, wanameza mpaka wanavimba, wanafia mlemle, na panakuwa na kitu kama jipu ndani ya ukuta. Mwili unalifunika jipu hilo kwa utando mgumu, na mtu anaweza kuishi nalo miaka mingi.

Hatari ni pale mchochota unapouchubua ule utando ukawa mwembamba. Siku moja unapasuka. Kilichokuwa ndani kinakutana na damu, damu inadhani ni jeraha, inaganda, na bonge lile linaziba mshipa ndani ya dakika chache. Ndiyo maana mtu anaweza kucheza mpira au kutembea Kariakoo nzima Jumamosi, na Jumapili akaanguka. Mshipa haukuwa umeziba jana.

Sasa mtazame mgonjwa wa kisukari mwenye kitambi. Sukari iliyozidi inazikwaruza kuta za mishipa yake na kuzifanya chembe za kugandisha damu ziwe na papara. Kitambi kinapandisha presha. Ini linamwaga mafuta mabaya. Na juu ya yote kuna ule moto usio na moshi, unaozichubua tando kila siku. Watafiti wa Boston, wakiongozwa na Paul Ridker, walipima damu iliyokuwa imehifadhiwa ya madaktari wanaume wa Marekani waliokuwa wazima, wakaonesha mwaka 1997 kwamba wale waliokuwa na CRP ya juu zaidi walipata mshtuko wa moyo karibu mara tatu ya wale wenye CRP ya chini zaidi. Na hao walikuwa madaktari, si wakulima wasiojua hospitali iko wapi.

Sukari peke yake haitoshi

Naja sasa kwenye lile swali la msibani. Ikiwa sukari ndiyo adui, basi mtu akiishusha mpaka chini kabisa moyo ungekuwa salama. Wamarekani na Wakanada walilijaribu hilo kwa watu 10,251 wenye kisukari cha aina ya pili ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo au dalili za kuuelekea. Nusu walishushiwa sukari kwa nguvu zote, kwa dawa nyingi na insulini, ili wafikie kiwango cha mtu asiye na kisukari. Nusu ya pili walitibiwa kwa kiwango cha kawaida. Mwaka 2008 ikabidi sehemu hiyo ya utafiti isimamishwe kabla ya wakati. Kwenye kundi lililoshushiwa sukari kwa nguvu walikuwa wamekufa watu 257, kwenye kundi la kawaida 203. Na katika lile kundi la nguvu, zaidi ya mmoja kati ya wanne alikuwa ameongezeka uzito wa zaidi ya kilo 10.

Tafadhali usinielewe vibaya hapa, maana najua kuna mtu atalikunja gazeti aende kumwambia mama yake aache insulini. La hasha! Sukari ikiachwa juu inaua figo, inapofusha macho na kukata miguu, na kuishusha kwa kiasi alichopanga daktari ni wajibu usio na mjadala. Funzo la utafiti ule ni kwamba huwezi kumtegemea askari mmoja alinde milango minne.

Wadenmark walifanya tofauti. Katika kituo cha Steno, karibu na Copenhagen, walichukua wagonjwa 160 wenye kisukari cha aina ya pili ambao figo zao zilishaanza kuvujisha protini. Themanini walipata matibabu ya kawaida ya wakati ule. Themanini wengine walishughulikiwa pande zote kwa pamoja: sukari, presha, lehemu, aspirini, chakula, mazoezi na kuacha sigara. Matibabu hayo yalidumu karibu miaka minane, kisha wakaendelea kufuatiliwa. Baada ya miaka 13 hivi, kwenye kundi la kawaida walikuwa wamefariki 40. Kwenye kundi la pili, 24. Dawa zenyewe nyingi hazikuwa za ajabu, ni za aina ambayo leo unaweza kuzipata kwenye hospitali za mkoa.

Jirani yangu mmoja, mzee ninayemheshimu sana, hunipita kila anaporudi kliniki. Juzi juzi kaniita kwa mbali: "Ustadh, leo sita nukta moja!" Nikampongeza, kisha nikamuuliza, "Mzee wangu, na presha je?" Akasema aliipima lakini namba hakuishika. "Na lehemu?" Hiyo hajawahi kuipima. "Na kiuno?" Akacheka mpaka akashika mlango: "Kiuno cha nini mwanangu, kwani naenda kushona suruali?"

Naam, kiuno kina kazi yake. Futi kamba ya fundi cherehani inakuambia mambo ambayo mzani hauambii, kwa sababu mzani haujui mafuta yamekaa wapi. Simama wima, pumua nje kawaida, zungusha futi kamba katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Mwanamume akizidi sentimita 94, na mwanamke akizidi 80, hatari imeanza. Kwa ndugu zetu wenye asili ya Kihindi, wanaume huhesabiwa kuanzia 90, kwa kuwa miili yao huweka mafuta ya ndani mapema zaidi. Asiye na futi kamba achukue uzi wa urefu wake kutoka utosini hadi kisiginoni, aukunje mara mbili, kisha auzungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu, na hapo ana la kuzungumza na daktari wake.

Wanaotafuta njia ya mkato

Mtu mwerevu atauliza: kama tatizo ni mchochota, kwa nini tusimeze dawa ya mchochota? Swali ni zuri, na ni la kale. Mwaka 1876 daktari Mjerumani, Wilhelm Ebstein, aliandika kwamba dawa za jamii ya aspirini kwa dozi kubwa zilipunguza sukari kwenye mkojo wa baadhi ya wagonjwa wake. Katika zama zetu, mwaka 2017, yalitoka matokeo ya utafiti uliohusisha watu 10,061 waliowahi kupata mshtuko wa moyo na ambao CRP yao ilikuwa juu. Waliopewa dozi ya kati ya sindano ya kuzuia moja ya kemikali za mchochota walipungukiwa na mishtuko, viharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 15, ingawa lehemu yao haikushuka. Hapo ikathibitika kuwa mchochota ni mshiriki kamili wa ugonjwa. Lakini sindano hiyo ni ghali mno, na waliochomwa walikufa zaidi kwa maambukizo, maana umemnyang'anya askari bunduki na jambazi hajaondoka.

Nalitaja hili kwa sababu mitaani kwetu watu wanameza diklofenaki kama karanga. Mgongo ukiuma, diklofenaki. Goti likiuma, diklofenaki. Na muuza duka anasema inaondoa uvimbe wote mwilini. Dawa hiyo na jamaa zake wengi huongeza hatari ya mshtuko wa moyo na huumiza figo, na mgonjwa wa kisukari ndiye anayetakiwa kuziogopa zaidi. Mtu akikuuzia chupa ya "kusafisha mishipa" stendi ya mabasi, huyo naye muulize tu amesafisha ya nani.

Kupungua, na aibu ya kupungua

Hapa ndipo penye ugumu wetu. Njia inayozima moto huu kwenye chanzo chake ni kupunguza kitambi, na jamii yetu haipendi kumwona mtu akipungua.

Bibi harusi akinenepa, tunasema mume anamtunza. Mwanamume akiota kitambi, mambo yake yamenyooka. Akipungua, watu wanashusha sauti. Kuanzia ile miaka ambayo UKIMWI uliwamaliza jamaa zetu wakiwa wamekonda, wembamba wa ghafla umebaki kuwa tuhuma. Namfahamu dada mmoja aliyefuata ushauri wa daktari akapungua kilo 11 kwa miezi saba. Wifi zake walikwenda kwa kaka yao kumtaka aende naye kupima. Alirudia chapati na chai ya maziwa, kilo zikarudi, na minong'ono ikaisha. Mimi namwelewa. Lakini wale wifi walimvua dawa mwilini, na hawajui mpaka leo.

Na tusidhani ni tatizo la matajiri wa Masaki. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 Tanzania, kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta zaidi ya mmoja kati ya wanne wana uzito uliozidi, na asilimia 9 hivi wana kisukari. Mama ntilie anayeonja sufuria kutwa nzima, dereva wa daladala anayekaa saa 14 na soda mkononi, mwalimu kama mimi anayekula maandazi mawili kila kipindi cha mapumziko, wote tumo.

Je, kupungua kunasaidia kweli? Nisiwadanganye, majibu hayakunyooka. Marekani waliwafuatilia watu 5,145 wenye kisukari na unene, nusu yao wakifundishwa kula kidogo na kufanya mazoezi. Mwaka wa kwanza walipungua asilimia 8.6 ya uzito, lakini sehemu ikarudi, na utafiti uliposimamishwa mwaka 2012 mishtuko ya moyo na viharusi havikuwa vimepungua kwa jumla. Walihitaji dawa chache, figo zao na usingizi vikawa bora, wakatembea vizuri zaidi. Baadaye watafiti walipowatazama peke yao wale waliopunguza asilimia 10 au zaidi mwaka wa kwanza, walikuta matatizo ya moyo yamepungua kwa takriban asilimia 20.

Halafu Waingereza wakaja na habari iliyowashangaza wengi. Huko Scotland na kaskazini ya Uingereza, mwishoni mwa 2017, walitangaza matokeo ya watu 306 ambao hawakuwa wamefikisha miaka sita tangu wagundulike na kisukari, na hawakuwa wakitumia insulini. Nusu yao waliwekwa kwenye chakula kidogo sana cha maji maji kwa miezi mitatu hadi mitano, chini ya uangalizi, dawa za sukari zikiwa zimesimamishwa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 hawakuwa tena na kisukari kwenye vipimo, bila dawa. Kati ya 36 waliopungua kilo 15 au zaidi, 31 walifika huko. Asilijaribu mtu nyumbani kwake bila daktari, kwani anayemeza dawa za kushusha sukari akijinyima chakula anaweza kuzimia na kufa. Lakini ule usemi kwamba kisukari cha aina ya pili hakirudi nyuma kamwe, umeshapitwa.

Zipo pia dawa mpya. Sindano za jamii ya liraglutide na semaglutide hupunguza hamu ya kula na uzito, na mwaka 2016 liraglutide ilionesha kupunguza matatizo ya moyo kwa wagonjwa wa kisukari. Vidonge vya empagliflozin, mwaka 2015, vilipunguza vifo vya moyo kwa zaidi ya theluthi kwa wale waliokuwa na kisukari na ugonjwa wa moyo. Bei bado inawashinda wengi wetu. Ila metformini, dawa za presha na zile za kushusha lehemu ni za bei nafuu, na za lehemu zimethibitika kuwalinda wagonjwa wa kisukari hata ambao lehemu yao haikuwa juu sana. Mgonjwa amuulize daktari kwa adabu: "Je, mimi nahitaji dawa ya lehemu?" Swali hilo lina uzito kuliko kuuliza kama embe linaruhusiwa.

Kuhusu chakula sitasema mengi, maana kila mtu anajua nusu yake. Soda na juisi za paketi ziondoke kwanza. Sahani igawanywe: nusu mboga, robo ugali au wali, robo samaki, maharage au nyama. Ugali wa dona si adhabu. Na kutembea nusu saa kwa haraka kila siku hupunguza mafuta ya ndani hata kama mzani unagoma kusogea, kwa hiyo anayetembea asikate tamaa kwa kuutazama mzani. Mtaani kwetu kina mama sita hutembea baada ya swala ya alfajiri, na baibui zao, na raba miguuni. Mwanzo walichekwa. Sasa ni kumi na wanne.

Mwezi wa Ramadhani ndio wenye mtihani. Mtu anafunga kutwa, kisha kati ya Magharibi na Isha anakula magimbi ya nazi, tambi, kalimati na sharubati, na daku juu yake, na akimaliza mwezi ameongezeka kilo tatu. Mgonjwa wa kisukari aende kwa daktari mwezi mmoja au miwili kabla ya kufunga, dawa zipangwe upya, ajue siku ipi anatakiwa afungue. Ruhusa ya mgonjwa iko wazi kwenye sheria na nimeifundisha miaka yote. Anayeikataa kwa kuwaonea haya majirani hana hoja.

Limebaki jambo moja ambalo kila nyumba yenye mgonjwa wa kisukari ilijue. Mshtuko wa moyo kwa mtu wa kawaida huja na maumivu makali ya kifua yanayokwenda begani au tayani. Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, kwa hiyo mgonjwa anaweza asisikie maumivu yoyote. Anaweza kutokwa na jasho la baridi ghafla, kukosa pumzi akiwa amekaa, kutapika, au kuishiwa nguvu bila sababu. Watu husema ni gesi au sukari imeshuka, wakampa maji ya sukari na kumlaza mpaka asubuhi. Mpimeni sukari kama kipimo kipo. Ikiwa haikushuka na hali ni hiyo, au kama hakuna kipimo na maji ya sukari hayajamrudisha ndani ya robo saa, tafuteni gari usiku huohuo.